UZI: Mwanafunzi wa udaktari na utafiti: tunapewa kichwa cha utafiti kabla hatujawa na swali

#1. Mtoa mada

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Mimi ni daktari mtarajali katika hospitali moja ya rufaa ya mkoa hapa Tanzania. Wiki iliyopita mdogo wangu wa chuo, aliyeko mwaka wa nne, alinipigia simu akiniomba nimsaidie kupata kichwa cha utafiti. Nilimuuliza ni jambo gani hasa analotaka kulijua. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema: "Kaka, chochote kitakachopita kwenye kamati haraka." Sikumlaumu, kwa kuwa ndivyo wengi wetu tulivyoanza, lakini tangu siku ile nimeshindwa kuliacha jambo hili, na ndiyo maana nimeona nilete uzi huu mbele yenu.

Kila panapozungumzwa utafiti katika vyuo vyetu vya udaktari, husemwa kwamba wanafunzi wa siku hizi hawana hamu nao. Mimi nimekaa nao darasani, hosteli na wodini, na siyaoni hayo. Mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeingia wodini kwa mara ya kwanza huuliza maswali mpaka wauguzi wakachoka: kwa nini mgonjwa huyu amepewa dawa hii na yule wa kitanda cha pili hakupewa, kwa nini akina mama wa kijiji fulani hufika wakiwa wamechelewa, kwa nini kipimo hiki hurudiwa mara tatu. Huyo ana hamu. Baada ya mwaka mmoja anaambiwa alete kichwa cha utafiti kabla ya Ijumaa, na katika kichwa hicho hakuna hata swali moja kati ya yale aliyoyauliza wodini.

Matokeo yake tunayajua sote. Kinachoandikwa ni "uelewa, mtazamo na mwenendo wa wanafunzi wa chuo kikuu kuhusu" jambo fulani, dodoso linachapishwa steshenari, na wanaolijaza ni wenzake wa bweni moja, kwa sababu wako karibu na hawahitaji nauli wala barua ya kuomba ruhusa hospitalini. Sisemi kwamba utafiti wa aina hiyo hauna maana. Kama kuna mtu anayesubiri majibu ili abadilishe mafunzo au huduma, dodoso ni chombo kizuri. Tatizo ni kwamba mara nyingi hakuna anayesubiri. Ripoti inafungwa kwa jalada gumu, inapewa alama na kuwekwa kabatini, na mwanafunzi anaondoka akiamini kwamba huo ndio utafiti, na kwamba hataki kuurudia maishani mwake.

Kwa wale wanaoona utafiti ni pambo la maprofesa, naomba niwakumbushe jaribio lililopewa jina la FEAST, kwa kuwa lilifanyika hapahapa kwetu, katika hospitali sita za Kenya, Uganda na Tanzania, mojawapo ikiwa Hospitali Teule ya Muheza. Kwa miaka mingi tulifundishwa kwamba mtoto mwenye homa kali, anayeonyesha dalili kwamba damu haizunguki vizuri mwilini, apewe maji mengi ya mshipani kwa haraka. Vitabu vilisema hivyo, na vitabu hivyo viliandikwa katika nchi ambako mtoto wa namna hiyo hulazwa kwenye chumba cha uangalizi maalumu chenye mashine ya kumsaidia kupumua. Watafiti wakauliza kama maji hayo yanamsaidia mtoto wa Muheza ambaye mashine hiyo hana. Watoto 3,141 waligawanywa katika makundi matatu. Saa 48 baada ya kuanza, waliofariki katika makundi mawili yaliyopewa maji ya haraka walikuwa asilimia 10.6 na 10.5, na katika kundi ambalo halikupewa walikuwa asilimia 7.3. Jaribio lilisimamishwa kabla ya kufika mwisho, na matokeo yakachapishwa mwaka 2011. Naomba nieleweke hapa: watoto waliokuwa na ugonjwa wa kuhara au utapiamlo mkali hawakuingizwa katika jaribio hilo, kwa hiyo mtu asitoke hapa akamnyima maji mtoto anayeharisha.

Kulijibu swali lile kulihitaji fedha nyingi, wataalamu na miaka. Kuliuliza kungeweza kufanywa na mwanafunzi yeyote wa mwaka wa tatu aliyesimama kando ya kitanda na kujiuliza kama tunachokifanya kinamsaidia mtoto huyu. Swali la namna hiyo ndilo tunalolizima kabla halijakomaa.

#2. Mtoa mada (mwendelezo)

Nimeona ni vyema nieleze lililonitokea mimi mwenyewe, ili nisionekane ninawanyooshea wengine kidole.

Nikiwa mwaka wa tatu, katika wodi ya watoto, aliletwa mtoto wa miaka miwili mwenye malaria na upungufu mkubwa wa damu. Viganja vyake vilikuwa vyeupe kama karatasi. Daktari aliagiza damu asubuhi, na damu ikafika jioni. Mtoto yule alipona. Wiki iliyofuata aliletwa mwingine wa hali hiyohiyo, naye alifariki damu ikiwa bado haijafika wodini. Nilimuuliza sista wa zamu kama kwa kawaida huchukua muda gani tangu damu inapoagizwa mpaka inapoanza kuingia mwilini. Alinijibu: "Tunajua inachelewa, mwanangu. Inachelewa kiasi gani, hakuna aliyewahi kuhesabu."

Mwaka wa nne ulipofika, nilikwenda na swali hilo kwa walimu. Wawili waliniambia ni dogo mno na halina maandiko ya kutosha ya kurejea. Wa tatu hakuniambia kama ni dogo au kubwa. Aliniagiza nisiandike hata mstari mmoja wa andiko la utafiti mpaka niwe nimeomba ruhusa ya kuangalia rejesta zinavyojazwa, na nihakikishe kama ninachotaka kukihesabu kimewahi kuandikwa mahali popote.

Agizo lile ndilo somo kubwa kuliko yote niliyopata chuoni. Kitabu cha wodi kilikuwa na tarehe ya kulazwa, lakini hakikuwa na saa. Kitabu cha maabara kilikuwa na saa ya kupokea sampuli, lakini si saa ya kutoa damu. Faili la mgonjwa lilikuwa na saa ya agizo la daktari pale tu daktari alipokumbuka kuiandika, na karatasi ya kufuatilia mgonjwa anayeongezewa damu, ambayo ndiyo ingenipa saa ya kuanza, mara nyingi ilikuwa tupu. Kwa maneno mengine, swali langu lisingejibiwa kwa kufukua yaliyopita, hata kama ningekaa chumba cha kumbukumbu mwaka mzima. Kama ningelikuwa nimeandika andiko kwanza, nikapata kibali, nikachapisha fomu zangu, ndipo nikagundua hayo, ningefanya kile ambacho wengi hulazimika kukifanya, yaani kujaza mapengo kwa kukisia.

Tukabadilisha mbinu. Baada ya kupata kibali cha maadili na ruhusa ya mganga mfawidhi, nilifuatilia kila mtoto aliyeagiziwa damu kwa wiki sita, mchana na usiku kwa kupokezana na wenzangu wawili, tukiandika saa ya kila hatua: agizo, kutolewa sampuli, sampuli kufika maabara, damu kuwa tayari, damu kufika wodini na damu kuanza kuingia. Wodi nzima iliamini kwamba ucheleweshaji uko maabara, kwenye kupima ulinganifu wa damu. Haikuwa hivyo. Muda mrefu kuliko wote ulipotea kati ya agizo na sampuli kufika maabara, kwa sababu sampuli ilikuwa inasubiri mtu wa kuipeleka, na usiku hapakuwa na mtu aliyepangiwa kazi hiyo. Mara nyingine ilipelekwa na ndugu wa mgonjwa ambaye hata mlango wa maabara hakuujua.

Udhaifu wa kazi ile ninaujua. Ilikuwa wodi moja, wiki sita tu, tena msimu wa mvua, wakati malaria imepanda. Zaidi ya hayo, kila tuliposimama na saa mkononi watu walifanya kazi kwa haraka kuliko kawaida yao, kwa hiyo muda tuliouandika huenda ni mfupi kuliko muda halisi wa siku ambazo hatukuwepo. Niliyaandika yote hayo katika ripoti, na msimamizi wangu alinipa alama nyingi zaidi kwa ukurasa huo kuliko kwa majedwali. Lakini kilichonifanya niupende utafiti hakikuwa alama. Mwezi mmoja baada ya kuwasilisha, nilirudi wodini kuchukua koti langu nikakuta kitabu cha wodi kimechorwa safu mpya kwa rula na kalamu nyekundu, na juu yake pameandikwa "Saa".

#3. Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa nne

Mtoa mada, heshima kwako, Daktari. Nimeusoma uzi wako mara mbili na umenigusa, lakini naomba nizungumze kwa niaba ya tulio katika hali ngumu kuliko yako.

Wewe ulimpata mwalimu wa tatu. Sisi tulio wengi tunagawiwa msimamizi kwa orodha iliyobandikwa ukutani, na msimamizi huyo ana wanafunzi wengi, ana kliniki, ana upasuaji, na huenda pia anafundisha chuo kingine jioni. Rasimu yangu ya kwanza ilikaa kwake wiki saba, ikarudi ikiwa na neno moja, "Rekebisha." Nirekebishe nini sikuelezwa. Wakati huohuo ninazunguka wodi, nina kitabu cha kusainiwa kila taratibu niliyoifanya, na nina mtihani kila mwisho wa mzunguko. Ukishindwa mtihani wa mzunguko unarudia. Ukiandika utafiti hafifu unafaulu. Mtu mwenye akili timamu ataweka nguvu zake wapi?

Kuna pia suala la fedha ambalo wakubwa hawapendi kulisikia. Uchapishaji wa dodoso, nauli ya kwenda vituo vya afya, ada ya kamati ya maadili pale inapotozwa, na mwisho kufunga nakala nne kwa jalada gumu, vyote vinatoka kwenye fedha ileile ya kula. Ndipo hapo mtu anapomlipa mchambuzi wa takwimu wa mtaani, analetewa majedwali asiyoweza kuyaeleza, na siku ya kuyatetea mbele ya jopo anatetemeka. Nasema haya kwa uchungu kwa sababu rafiki yangu wa karibu yalimkuta. Si mvivu. Alikuwa kinara wa darasa katika fiziolojia.

#4. Mtoa mada

Ndugu yangu wa mwaka wa nne, nashukuru kwa kusema kweli, na sina sehemu ya kukupinga kuhusu msimamizi. Ninakubali kwamba kumpata mwalimu yule ilikuwa bahati, na hilo ndilo linaloniudhi. Jambo la msingi namna hii halipaswi kutegemea bahati.

Hata hivyo, tazama ni kitu gani hasa nilichopewa na mwalimu yule. Hakunipa fedha wala hakunifanyia takwimu. Alinichukulia kama mtu mwenye swali la haki, kisha akanituma kwenda kuliangalia. Kuna kisa kimoja cha Kitanzania ambacho naona kinatufaa hapa, ingawa si cha udaktari. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, akiwa Shule ya Sekondari Magamba kule Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake, akaona maziwa aliyoyaweka kwenye jokofu yakiwa ya moto yameganda kabla ya yale yaliyokwisha kupoa. Aliuliza darasani akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alikuja mgeni kuzungumza na wanafunzi, Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, na Mpemba akaliuliza tena swali lake mbele ya wenzake waliokuwa wakimcheka. Osborne hakuwa na jibu. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jambo lile lijaribiwe maabara, na mwaka 1969 yeye na Mpemba wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishana mpaka leo kuhusu jambo hilo, wengine wakidai kwamba halijirudii kila linapopimwa, na mabishano hayo hayampunguzii kijana yule heshima hata kidogo.

Katika udaktari wenyewe mifano ipo. Paul Langerhans alieleza visiwa vya kongosho, vile vikundi vya seli vinavyobeba jina lake, katika tasnifu yake ya mwaka 1869 kule Berlin, akiwa mwanafunzi. Dawa ya heparini, ambayo hapa hospitalini tunaitumia kila siku kwa wagonjwa wanaosafishwa damu, ilianzia kwa Jay McLean, mwanafunzi wa mwaka wa pili wa udaktari katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, mwaka 1916. Msimamizi wake, William Howell, alimpa kazi ya kuchunguza kitu kinachogandisha damu, naye katika kukichunguza akakuta, kwenye ini la mbwa, kitu kinachozuia damu isigande. Angekuwa mwanafunzi wa kujaza fomu tu, matokeo yaliyopingana na kichwa chake cha utafiti angeyatupa akidhani amekosea.

Kuhusu gharama, nitakuwa mkweli. Swali lililo wodini kwako ni nafuu kuliko dodoso la vijiji vitano. Daftari la mistari, kalamu na saa ya mkononi vilitosha. Kompyuta tuliazima, na programu ya takwimu tuliyoitumia, R, haiuzwi. Kilichokuwa ghali ni usingizi.

#5. Mchangiaji, mhadhiri wa afya ya jamii

Vijana wangu, nawasalimu. Nimefundisha somo la utafiti kwa miaka mingi, na huwa sichangii majukwaani, lakini mmeligusa jambo ambalo nalala nalo.

Kwanza, sehemu ya kosa ni yetu walimu. Tunafundisha takwimu na epidemiolojia katika miaka ya mwanzo, wakati mwanafunzi hajawahi kumgusa mgonjwa. Anakariri kanuni ya kukokotoa ukubwa wa sampuli kama anavyokariri mishipa ya mkono, anafaulu, anasahau. Anapofika wodini na maswali yakaanza kumjia, somo limekwisha miaka miwili nyuma. Ningekuwa na uwezo, ningeligawa somo hilo vipande vidogo na kukileta kila kipande kwenye mzunguko wa wodi, ili mwanafunzi ajifunze maana ya kipimo kukosea siku ileile anaposoma majibu ya kipimo cha malaria cha mgonjwa wake.

Pili, kusimamia wanafunzi wa shahada ya kwanza ni kazi isiyohesabika vya kutosha mhadhiri anapoomba kupandishwa cheo. Nasema hili si kwa kujitetea. Yule aliyeandika "Rekebisha" peke yake alikosea, nami nimewahi kukosea hivyo. Fedha nazo zina nafasi yake. Mwaka 2010 Serikali ya Marekani ilianzisha mpango wa kusaidia vyuo 13 vya udaktari barani Afrika kwa takriban dola milioni 130 katika miaka mitano, na chuo cha KCMC cha Moshi kilikuwa mojawapo, pamoja na Makerere na Nairobi. Shabaha mojawapo ilikuwa kukuza uwezo wa utafiti. Mpango kama huo husaidia kujenga maabara za kompyuta na kulipia intaneti, lakini muda wake ukiisha, kinachobaki ni mazoea ya watu, na mazoea hayanunuliwi kwa dola.

Tatu, na hapa nawasihi mnisikilize vizuri, kibali cha maadili si ukiritimba. Nimesikia wanafunzi wakisema, "Ni mafaili tu, hatumchomi mtu sindano." Faili ni siri ya mtu. Kule Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hadi 1972, wanaume weusi wenye kaswende walifuatiliwa bila kutibiwa, hata baada ya penisilini kupatikana, na waliofanya hivyo walikuwa madaktari wasomi waliojiona wanatumikia sayansi. Azimio la Helsinki la mwaka 1964 kuhusu maadili ya utafiti na kamati tulizonazo leo, ikiwemo ile ya kitaifa iliyo chini ya NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, zipo kwa sababu ya historia ya namna hiyo. Mwanafunzi anayejifunza kumweleza mgonjwa, kwa Kiswahili chepesi, kwamba ana haki ya kukataa na huduma yake haitapungua, amejifunza udaktari pia.

Nimalizie kwa jambo ninalopenda kuwasimulia wanafunzi wangu. Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa wa homa na maumivu makali ya viungo katika uwanda wa Wamakonde, kusini mwa nchi yetu, na ulipoelezwa kitaalamu mwaka 1955 uliitwa kwa neno walilolitumia wagonjwa wenyewe, chikungunya, neno la Kimakonde lenye maana ya kujikunja, kwa jinsi maumivu yalivyowapinda. Leo neno hilo liko katika vitabu vya udaktari vya dunia nzima. Yupo mtu aliyewasikiliza wagonjwa kwa makini kiasi cha kulichukua neno lao. Hapo ndipo utafiti huanzia.

#6. Mchangiaji wa Nairobi

Hamjambo nyote. Naandika nikiwa Kenya, na ninataka kuongeza jambo moja tu. Katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mwanafunzi wa udaktari anaweza kuyasimamisha masomo yake kwa muda baada ya miaka ya mwanzo, akasoma shahada ya sayansi, kwa mfano katika anatomia, kisha akarudi kuendelea na udaktari. Wanaopita njia hiyo huishi na utafiti kila siku, wakipasua, wakipima na kuandika chini ya jicho la walimu wanaowafahamu kwa majina. Nimewaona wakirudi darasani wakiwa watu wengine kabisa, wanaosoma makala ya jarida kwa kuanzia sehemu ya mbinu badala ya kukimbilia hitimisho. Si kila mtu anayeweza kumudu muda na karo ya ziada, na wazazi wengi huona kijana amechelewa bure. Lakini inaonyesha kwamba ukimpa mwanafunzi muda usiogombaniwa na mitihani ya wodi, hamu ambayo mlidhani haipo hujitokeza yenyewe.

#7. Mchangiaji, mwanafunzi wa mwaka wa tano

Shikamoo Mwalimu, na wengine wote habari zenu. Mtoa mada, mimi nimemaliza utafiti wangu na ninatamani kuuchapisha. Nimepokea barua pepe ya jarida la kimataifa linalonisifu na kuniahidi kuchapisha ndani ya siku tano nikilipa ada. Je, nilipe? Pia msimamizi wangu anataka jina lake liwe la kwanza, ingawa kazi yote niliifanya mimi.

#8. Mtoa mada

Ndugu wa mwaka wa tano, usilipe. Jarida linalokusifu kabla halijasoma kazi yako halina watu wa kuisoma. Mapitio ya kweli yanayofanywa na wataalamu wawili au watatu huchukua wiki nyingi, mara nyingine miezi, na hurudi na maswali yanayouma. Kabla ya kutuma, tafuta makala mbili au tatu zilizowahi kutoka katika jarida hilo uzisome, kisha uulize mkutubi wa chuo. Wakutubi wetu wanajua mambo haya kuliko tunavyowafikiria, na ndio watakaokuonyesha namna ya kuingia Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002 wa kuzipatia taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ambayo vinginevyo yangeuzwa kwa bei tusiyoiweza. Wanafunzi wa Muhimbili nao wamekuwa na jarida lao, Dar es Salaam Medical Students' Journal. Hakuna aibu kuanzia kwenye jarida la wanafunzi linalokusahihisha kwa haki.

Kuhusu jina la kwanza, kwa kawaida hukaa la aliyefanya sehemu kubwa ya kazi na kuandika rasimu, na msimamizi aliyeongoza kazi hukaa mwisho, nafasi ambayo nayo ni ya heshima. Zungumza naye kwa adabu, ukiwa na rasimu mkononi, tena mapema. Jambo hili huwa gumu linapoachwa hadi siku ya kutuma.

Mwalimu, shikamoo. Nimekusoma kwa unyenyekevu. Hoja yako ya kulileta somo la takwimu wodini naiunga mkono kwa moyo wote, na ningependa kuongeza kwamba hata vitabu vya MTUHA, yaani vitabu vya kuandikia taarifa za huduma za afya, ambavyo tunavijaza kila siku kama adhabu, vingetosha kuwa darasa. Mwanafunzi akipewa kitabu kimoja cha mwezi uliopita, akaambiwa ahesabu ni safu ngapi ziko tupu na aeleze kwa nini, atajifunza mengi zaidi kuhusu ubora wa takwimu kwa saa mbili kuliko kwa mihadhara mitatu. Tena atajua kwamba kila namba anayoisoma katika ripoti ya taifa iliandikwa na muuguzi mmoja aliyechoka saa kumi za usiku, na ataanza kuijaza safu yake kwa uangalifu.

Sasa nirudi kwa mdogo wangu aliyenipigia simu, maana baadhi yenu mmeniandikia pembeni mkiuliza nilimjibu nini. Sikumpa kichwa. Nilimwomba kwa siku saba aandike katika daftari kila jambo litakalomshangaza wodini, hata kama analiona la kitoto. Jana usiku alinipigia tena. Alikuwa na mambo kumi na mawili, mengi yakiwa ya kujibiwa kwa kufungua kitabu. La tisa halikuwa hivyo. Aliona kwamba akina mama waliojifungua kwa upasuaji wanaporudi wakiwa na kidonda kilichooza hawaandikwi tena katika wodi ya wazazi, huandikwa katika chumba cha kufungia vidonda pamoja na walioumia kwa pikipiki na wenye majipu. Kwa hiyo wodi ya wazazi inaamini kwamba wagonjwa wake wanapona vizuri, na chumba cha vidonda hakijui wagonjwa wale wametoka wapi. Aliniuliza: "Kaka, ni wangapi?"

Nilimwambia sijui, na kwamba huenda hospitali nzima hakuna anayejua. Tumekubaliana kwamba asiandike chochote bado. Asubuhi hii atamwona mganga mfawidhi kuomba ruhusa ya kuangalia namna vitabu viwili vinavyojazwa, cha chumba cha upasuaji na cha chumba cha vidonda, bila kunakili jina la mgonjwa yeyote, ili ajue kwanza kama kuna namba ya faili inayoweza kuviunganisha. Nitawaletea hapa atakachokikuta.